Kilichoko mbele, kilichoko nyuma: kwa wewe unayeanza eksirei za angani

Nilipoteza wiki sita kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kompyuta. Mstari wenyewe haukuwa na kosa la herufi wala la hesabu. Programu iliupokea, ikachora mchoro wa kupendeza, ikanipa joto la gesi na makadirio ya mashaka yake. Tatizo lilikuwa mpangilio: nilikuwa nimeitundika haidrojeni yote ya Njia Nyeupe mbele ya mwanga wa eksirei ambao kwa kweli unazaliwa mlangoni petu. Ni sawa na mtu wa Tanga mjini kulalamika kwamba taa ya sebuleni kwake imefifia kwa sababu Lushoto kuna ukungu.

Wapo wadogo zangu wawili watatu wanaoanza shahada ya uzamili kwenye mambo haya, na kila mmoja ameniuliza kwa namna yake: "Kaka, NH niweke ngapi?" NH ni kipimo cha haidrojeni iliyoko njiani; nitakieleza mbele. Swali hilo limeruka hatua. Kabla ya ngapi kuna wapi. Ningekuwa na mtu wa kuniambia hivyo siku ya kwanza, zile wiki sita ningezitumia kulala.

Tuanze na kitu chenyewe. Tarehe 18 Juni 1962 roketi ndogo aina ya Aerobee ilipaa kutoka White Sands, New Mexico. Riccardo Giacconi, Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi walikuwa wakitafuta eksirei zinazotoka Mwezini. Mwezi hawakuupata. Walichopata ni chanzo kikali upande wa kundinyota la Nge, ambacho leo kinaitwa Sco X-1, na pamoja nacho mng'ao wa eksirei uliotoka kila upande kifaa kilikogeukia. Chanzo kile ndicho kilichopata sifa, na Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mng'ao uliotapakaa ukabaki nyuma ukiwasumbua watu, na mpaka leo unatusumbua sisi.

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani mng'ao huo ni kitu kimoja. Juu ya kiloelektronivolti 2 (kipimo cha nishati; tuandike keV, mkono usichoke) sehemu yake kubwa ni umati wa vyanzo vidogovidogo: mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi za mbali, yakimeza gesi. Darubini ya Chandra, iliyorushwa Julai 1999, ilipokodolea macho vipande vidogo vya anga kwa muda mrefu, mng'ao ule ukagawanyika nuktanukta. Hilo waachie wenye mashimo meusi yao. Chini ya keV 1, na hasa karibu na robo ya keV, ni habari tofauti kabisa. Hapo kuna gesi yenye joto la digrii milioni 1 hivi inayong'aa yenyewe, na hapo ndipo gesi baridi iliyotanda kati ya nyota inapoanza kuingilia mambo. Nikisema eksirei laini, nina maana hizo.

Nifungue dirisha kidogo kabla hatujazama. Setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake ilirushwa kutoka kwetu: jukwaa la San Marco la Waitalia, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Mimi nimekulia Tanga, upande wa pili tu wa mpaka, na habari hii niliisikia mara ya kwanza nikiwa Ulaya, mdomoni mwa mzungu aliyeshangaa kwamba siijui. Nilitamani sakafu ipasuke. Kwa kazi yetu ya leo, hata hivyo, Uhuru haitufai sana, kwa kuwa vipimo vyake vilianzia keV 2 kwenda juu. Eksirei laini haikuziona.

Sasa haidrojeni. Atomi ya haidrojeni iliyo baridi, ikielea peke yake, ina neno moja tu la kusema: wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Elektroni na protoni yake kila moja ni kama inajizungusha. Elektroni ikigeuza mzunguko wake, kiasi kidogo mno cha nishati kinaponyoka. Atomi moja ingesubiri miaka milioni 10 na ushee kabla ya kufanya hivyo, lakini angani atomi hazina idadi, kwa hiyo sauti inasikika. Mholanzi Hendrik van de Hulst alilitabiri wimbi hilo mwaka 1944, nchi yake ikiwa bado chini ya Wajerumani. Machi 1951 Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa Harvard kwa antena yenye umbo la pembe iliyochomoza dirishani.

Kutokana na nguvu ya wimbi hilo unapata NH, yaani idadi ya atomi za haidrojeni ndani ya mrija wenye mdomo wa sentimita 1 ya mraba, unaoanzia puani mwako na kwenda mpaka gesi ya Njia Nyeupe inapoishia. Rudia kusoma maneno ya mwisho. Mpaka inapoishia. Antena inajumlisha vyote ilivyovikuta njiani. Kasi ya gesi inaweza kukudokezea ipi ni ya karibu na ipi ni ya mbali, hasa kwenye bapa la galaksi, ile sahani yake ya gesi na nyota, lakini ile namba moja uliyoinakili kwenye tovuti imeshachanganya kila kitu kwenye sufuria moja.

Ramani inayotumika zaidi sasa inaitwa HI4PI, ya mwaka 2016, iliyounganishwa kutoka darubini mbili: Effelsberg ya Ujerumani yenye kipenyo cha mita 100 na Parkes ya Australia ya mita 64. Jicho lake lina upana wa dakika 16 za nyuzi, kama nusu ya Mwezi mpevu. Iliyotangulia, LAB ya 2005, ilikuwa na jicho pana kuliko Mwezi mzima. Kwa hiyo kama wingu lako lina mikunjo midogo kuliko hapo, ramani imeipiga pasi. Nimeona mtu akitetea tarakimu ya tatu ya NH yake kwa hasira kweli, huku ndani ya nusu Mwezi ule gesi inapanda na kushuka kama mtu yupo kwenye daladala ya Mombo.

Tena, wimbi la sentimita 21 linatoka kwa atomi pekee. Haidrojeni ikishaoana mbilimbili na kuwa molekuli, antena haiisikii kabisa, na eksirei zinaendelea kufyonzwa kama kawaida. NH ikikaribia makumi ya 10²⁰ kwa sentimita ya mraba, usiiamini peke yake. Tafuta vumbi kwenye ramani za infraredi au tafuta monoksidi ya kaboni, kwa sababu sehemu ya pazia hujaihesabu.

Jina nalo linadanganya, na hili lilinitoa jasho. Tunasema "haidrojeni inafyonza eksirei", tunaandika NH, lakini haidrojeni si mfyonzaji mkuu. Eksirei hufyonzwa inapokuta elektroni iliyoshikiliwa barabara ndani ya atomi na kuing'oa. Haidrojeni ina elektroni moja, tena imeshikwa kilegelege. Karibu na robo ya keV heliamu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa na haidrojeni inasaidia. Kuanzia nusu keV kwenda juu kazi inahamia kwa oksijeni, neoni, chuma na wenzao, ambao kwa idadi ni wachache mno. Haidrojeni tunaitaja kama tunavyotaja gunia: tunahesabu magunia, kisha tunachukulia kwamba kila gunia lina kiasi fulani cha kitu tunachokitafuta.

Kiasi gani? Hapo ndipo penye mtego. Programu ya XSPEC ya kuchanganua eksirei, ambayo bila shaka utaitumia, ukiiacha ilivyo inachukua jedwali la Anders na Grevesse la 1989, lenye atomi 851 za oksijeni kwa kila milioni ya haidrojeni. Jedwali la Wilms, Allen na McCray la mwaka 2000, lililotengenezwa kwa ajili ya gesi ya kati ya nyota, lina 490. Data ileile, mwongozo uleule (yaani mstari unaoiambia programu nini kinang'aa na nini kinafyonza), badilisha jedwali tu, na NH utakayoipata itabadilika kwa theluthi au zaidi. Ukiandika NH bila kutaja jedwali umeandika uzito bila kusema ni kilo au ni ratili. Mimi niliwahi kulinganisha NH yangu na ya mtu mwingine, nikaona tofauti kubwa, nikaandika ukurasa mzima kuieleza kwa mawingu ambayo hayapo.

Haya, tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu hii hutaelewa kwa nini watu waligombana kwa miaka 40. Karibu na robo ya keV, NH ya 10²⁰ inaacha theluthi na kidogo ya mwanga kupita. Ukiongeza mara kumi, ikawa 10²¹, kinachopita ni kama fotoni (chembe za mwanga) 5 kati ya 100,000. Yaani hakuna kitu. Lakini kwa NH hiyohiyo ya 10²¹, eksirei ya keV 1 inapita kwa karibu asilimia 80. Tofauti ya nishati mara nne tu, na pazia linageuka kutoka ukuta wa saruji kuwa chandarua. Ndiyo maana namba ya NH haina maana mpaka useme kwa nishati ipi.

Na 10²⁰ ni gesi kidogo sana. Kama kati ya nyota kungekuwa na atomi 1 kwa kila sentimita ya ujazo, ungefikia 10²⁰ baada ya miakanuru 100 na kitu. Kwa upana wa Njia Nyeupe hiyo ni hatua ya mlango kwa mlango. Kwa hiyo ukigeuza kifaa kuelekea kwenye bapa la galaksi, ambako NH kwa jumla inafika 10²² na kupita, mng'ao wa robo keV ulipaswa kuzimika kabisa. Roketi za mwishoni mwa miaka ya 1960 na zilizofuata zikaonyesha kwamba haukuzimika. Unapungua, ndiyo, lakini upo.

Ukiwahi kusimama ufukweni usiku usio na mwezi, umeona karabai za wavuvi wa dagaa zimejipanga baharini. Manyunyu yakianza kupita mbali kule, taa za nyuma ya manyunyu zinafifia moja baada ya moja. Chombo kilicho huku upande wako, mita mia tu kutoka mchangani, hakipungui nuru hata kidogo. Ukipima jumla ya mwanga wote baharini utasema "umepungua nusu", lakini hakuna taa hata moja iliyopungua nusu: zipo zilizozimika na zipo zilizobaki vilevile. Mng'ao wa bapa la galaksi ulikuwa ndio hizo karabai za huku. Lazima kuna gesi ya moto inayong'aa upande wetu wa pazia.

Mwaka 1968 Bowyer, Field na Mack walitoa matokeo ya roketi yao: mng'ao laini hauko sawa pande zote, na kwa jumla palipo na haidrojeni nyingi mng'ao ni mdogo. Akili ya haraka inasema: basi, haidrojeni inafyonza mwanga unaotoka nje. Na mimi ningesema hivyo. Lakini kundi la Wisconsin, lenye akina McCammon na Sanders, lilirusha roketi baada ya roketi mpaka likachora anga lote, na wakafanya jambo ambalo nataka ulishike: waliangalia rangi. Walikuwa na vichujio viwili, kimoja cha nishati ya chini kidogo kuliko kingine. Kama haidrojeni ndiyo inayofyonza, basi ile ya nishati ya chini ingepungua haraka zaidi na uwiano wa vichujio ungebadilika kila NH inapopanda. Uwiano haukubadilika kwa kiasi kilichotakiwa. Mng'ao ulipungua bila kubadili rangi.

Kwa nini ulipungua, basi? Fikiria chumba kimoja chenye kuta. Jua letu liko ndani ya uwazi uliochimbwa na nyota zilizolipuka miaka mamilioni iliyopita, tunaouita Kiputo cha Jirani. Ndani yake gesi ni nyepesi na ya moto. Ukutani imelundikana gesi baridi. Upande ambao ukuta uko mbali, mrija wako una gesi ya moto nyingi na haidrojeni kidogo. Upande ambao ukuta uko karibu, kinyume chake. Mng'ao na haidrojeni vinapokezana bila kimoja kumfyonza mwenzake: vinagombania nafasi tu. Mchoro unaotokea ni uleule ambao ungeuona kama ni ufyonzaji. Huu ndio mtego niliouingia mimi kwa miguu yote miwili, nusu karne baada ya wenzangu kuutambua, kwa sababu nilisoma mukhtasari na sikusoma mabishano.

Mstari wangu ulikuwa huu: tbabs*(apec+apec+powerlaw). Apec ya kwanza ni gesi ya kiputo, ya pili ni gesi moto ya mbali inayoizunguka galaksi, powerlaw ni yale mashimo meusi, na tbabs ni pazia. Kwa mabano hayo nimekifunika kila kitu, hata kiputo kilichoko upande wetu. Programu ikaona mwanga laini upo kwenye data, lakini mwongozo wangu unauzuia. Ikafanya kile ambacho programu yoyote tiifu ingefanya: ikakipandisha kiputo kwa wingi wa kutisha ili kipenye pazia. Nikawa na jirani mwenye gesi ambayo mgandamizo wake hakuna wingu lingeuvumilia. Nikabadilisha joto, nikabadilisha jedwali, nikafuta nukta zilizonikera. Mwalimu wangu alipopita mezani hakuangalia hata mchoro. Alichukua kalamu, akachora duara dogo akaandika "sisi", akachora wingu, akauliza: "Hii apec ya kwanza iko upande gani?" Nikanyamaza. Jibu sahihi lilikuwa apec+tbabs*(apec+powerlaw). Mabano yamesogea hatua moja, basi.

Tangu siku hiyo sifungui programu kabla ya kuchora. Karatasi chakavu inatosha, hata nyuma ya risiti. Chora wewe ulipo, chora kila kinachong'aa, chora kila kinachofyonza, kwa mpangilio wa umbali. Kisha andika mwongozo ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Usije ukadhani hadithi ya kiputo ilifunga mjadala. Setilaiti ya ROSAT ilirushwa Juni 1990 na kuchora anga lote kwa jicho kali kuliko roketi zote. Mwaka uliofuata timu mbili, moja ya Snowden na wenzake, nyingine ya Burrows na Mendenhall, zikaonyesha kivuli: wingu la Draco, lililo zaidi ya miakanuru 1,000 kutoka hapa, lilionekana kama doa jeusi kwenye robo ya keV. Karibu nusu ya mwanga wa upande ule ulikuwa ukitoka nyuma ya wingu. Kwa hiyo waliosema "kila kitu kiko ndani ya kiputo" walikosea, na waliosema "kila kitu kinatoka nje" walikuwa wamekosea zamani. Kwa maoni yangu kivuli ni kipimo kinachoheshimika kuliko ramani kumi za kulinganisha, kwa sababu wingu lenye umbali unaojulikana linakata anga vipande viwili, kabla na baada, na halibishani na mtu.

Halafu Jua likaingilia. Hapa nitakuwa mkweli, kwa kuwa hili ndilo litakalokuabisha wewe pia usipokuwa macho.

Nilikuwa na vipindi viwili vya uangalizi wa kipande kilekile cha anga, vilivyopishana miezi sita. Kwenye kipindi cha pili mng'ao wa oksijeni, ule wa karibu na keV 0.57, ulikuwa juu waziwazi. Nilikaa nao usiku kucha nikiamini nimegundua jambo. Asubuhi mwenzangu wa ofisi, mtu wa maneno machache, akauliza, "Gesi yako ina upana gani?" Nikamwambia mamia ya miakanuru. "Na imebadilika kwa miezi sita?" Sikuwa na la kujibu. Akamalizia: "Jua lilikuwaje siku hiyo?"

Dalili zilikuwepo zamani. ROSAT ilipokuwa ikipitia anga, baadhi ya vipande viling'aa zaidi siku fulani bila sababu, vikabidi viondolewe kwenye ramani. Tarehe 29 Juni 1990 ilipiga picha ya Mwezi: upande wenye mchana ukimulikwa na Jua, upande wa usiku ukiziba mng'ao wa nyuma kama ilivyotarajiwa, ila usiku wenyewe haukuwa giza totoro. Kuna fotoni zilizotoka huku, kati yetu na Mwezi. Mwaka 1996 ROSAT ikaona eksirei zikitoka kwenye nyotamkia Hyakutake, barafu na vumbi tupu, na watu wakashika vichwa. Maelezo, ambayo Cravens aliyaweka vizuri mwaka 1997, ni haya: upepo wa Jua hubeba ioni za oksijeni na kaboni zilizopokonywa karibu elektroni zote. Ioni kama hiyo ikikutana na atomi iliyotulia inaiibia elektroni. Elektroni ikishuka ngazi ndani ya nyumba mpya, eksirei laini inatoka.

Na atomi hizo zilizotulia ni zipi? Nyingine ni haidrojeni inayoizunguka Dunia yenyewe. Nyingine, na hapa huwa natabasamu peke yangu, ni haidrojeni na heliamu ya kati ya nyota, inayopita katikati ya sayari zetu kwa kasi ya kilomita 26 hivi kwa sekunde. Gesi ileile tunayoilaumu kwa kuzima eksirei kule mbali, ikifika kwetu inaziwasha.

Tarehe 12 Desemba 2012 roketi ya mradi wa DXL ilirushwa kutoka White Sands kupima mchango huo. Tarehe ile haikuchaguliwa kwa ajili ya Jamhuri Dei ya Kenya. Heliamu ya kati ya nyota huvutwa na Jua na kukusanyika nyuma yake kama mkia, na Dunia huukatiza mkia huo Desemba kila mwaka. Ukipima ndani yake na nje yake unajua Jua linachangia kiasi gani. Matokeo yalitoka 2014: karibu asilimia 40 ya mng'ao wa robo keV kwenye bapa la galaksi ni wa upepo wa Jua. Kiputo kikaponea, ila kikapungua kilo.

Kwa vitendo: kwenye daftari lako andika tarehe na saa za kila kipindi cha uangalizi kabla ya kitu kingine chochote. Angalia data za setilaiti ya ACE, inayopima upepo wa Jua tangu ilipopelekwa 1997. Ukiwa na vipindi viwili vya eneo moja, kile chenye oksijeni ndogo ndicho cha kuanzia. Na ukitumia ramani za eROSITA, iliyorushwa Julai 2019, kumbuka kwamba ilikaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, nje ya lile wingu la haidrojeni letu, kwa hiyo usishangae ikipishana na vifaa vinavyozunguka karibu.

Kuhusu vifaa usiwe na wasiwasi. Ramani za ROSAT, ramani za haidrojeni na programu zote hizi ni za bure. Kituo cha data cha NASA kiitwacho HEASARC kinatoa NH na mng'ao wa upande wowote wa anga kwa kuandika jira tu. Kompyuta yangu ya kwanza kwa kazi hii ilikuwa mtumba uliokosa herufi mbili. Intaneti ikisumbua, pakua usiku.

Zoezi ninalowapa wote wanaoniuliza ni Draco hilohilo. Chukua ramani ya robo keV ya ROSAT na ramani ya NH ya eneo hilo, zigawe katika miraba midogo inayolingana. Kwa kila mraba piga hesabu ya sehemu ya mwanga inayopenya kwa NH ile, namba kati ya 0 na 1. Iweke kwenye mhimili mlalo, mng'ao uweke kwenye mhimili wima, pitisha mstari. Mteremko ndio mwanga wa nyuma ya wingu. Mahali mstari unapokata mhimili wima, pale ambapo hakuna chochote kilichopenya, ndipo mwanga wa mbele: kiputo na Jua kwa pamoja. Usitegemee nukta zitii. Zitasambaa, na zinakosambaa zaidi ndiko mikunjo iliyopigwa pasi ilikojificha.

Mstari wangu wa kwanza ulikata mhimili juu kabisa ya sifuri. Nilichapa ule mchoro nikaubandika ukutani kwa gundi ya karatasi, na chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu yale mabano ya wiki sita, jinsi yalivyokuwa.